Niende kwa mshauri yupi? Njia 5 za tiba ya akili, zikipimwa kwa mtu wa kwanza kutibiwa nazo

Ukishakubali kwamba unahitaji msaada wa afya ya akili, swali linalofuata ni gumu kuliko la kwanza: uende kwa nani? Mmoja atataka umsimulie utoto wako. Mwingine atakupa mazoezi ya kufanya nyumbani. Wa tatu atakusikiliza saa nzima bila kukwambia la kufanya. Wote wanaitwa washauri au wanasaikolojia, na aliye nje hudhani kazi yao ni moja.

Kazi yangu ni unasihi, yaani ushauri nasaha, na swali hili naletewa mara kwa mara, na wateja hata na wanafunzi. Nimezoea kulijibu kwa kurudi mwanzo. Kila tiba ya aina hii ilizaliwa kwa ajili ya mtu fulani, mwenye shida fulani. Baadaye hurekebishwa, huvuka bahari, hupata majina mapya, lakini hubaki na umbo la yule mtu wa kwanza, kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mmoja. Ukimjua, utajua kama itakukaa au itakubana.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kama kuna mawazo ya kujiua, au mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au siku zinapita bila kupata usingizi na maneno yake hayashikani, mpelekeni hospitali leo. Tangu mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa dawa ya klopromazini wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris na kuona wanatulia, magonjwa hayo yana dawa. Ulinganisho huu haushindani na dawa. Ni wa mtu aliyetulia kiasi cha kukaa akachagua.

Vigezo

Nitaziuliza njia zote 5 mambo yaleyale: mtu wa kwanza alikuwa nani, kazi yenyewe hufanywaje, inataka muda na fedha kiasi gani, inapungukiwa wapi, na inamfaa nani. La fedha nimeliweka makusudi. Anayeanza tiba ya miaka 2 akiwa na akiba ya miezi 2 ataikatiza katikati, na kidonda kilichofunguliwa kikaachwa wazi huuma kuliko kabla hakijaguswa.

1. Kupima kwanza: kliniki ya Witmer

*Mtu wa kwanza.* Machi 1896, mjini Philadelphia, mwalimu wa shule aitwaye Margaret Maguire alimpeleka kijana wa miaka 14 kwa Lightner Witmer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kijana alikuwa akishindwa kabisa tahajia. Witmer alisomea Leipzig kwa Wilhelm Wundt, ambako saikolojia ilikuwa kazi ya maabara: kupima, kwa mfano, mtu anachukua muda gani kuitikia sauti. Kutibu hakukuwamo. Lakini aliona kwamba kama elimu hiyo ina thamani yoyote, lazima iweze kumsaidia mtoto huyu. Akampima, akakuta macho yana kasoro. Kijana akapata miwani, kisha akafundishwa kusoma kwa utaratibu wake maalumu. Mwaka 1907 Witmer alianzisha jarida, na humo akaipa kazi hii jina la saikolojia ya kliniki.

*Kazi yenyewe.* Vipimo, mahojiano na mzazi na mwalimu, na uchunguzi wa macho na masikio kabla ya kumhukumu mtoto kuwa mvivu au mzito.

*Muda na fedha.* Vikao vichache. Gharama iko kwenye vipimo.

*Upungufu.* Kupima si kutibu. Unaweza kurudi na ripoti nene na mtoto yuleyule. Tena vipimo vingi vilitungwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili akipimwa kwa Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake. Muulize mpimaji kipimo hicho kimetungwa kwa lugha gani.

*Humfaa* mzazi wa mtoto anayeanguka shuleni bila sababu inayoonekana, na mtu mzima anayeshuku kwamba tangu utotoni kuna kitu hakikutambuliwa.

2. Kuchimbua: uchambuzi nafsi wa Vienna

*Mtu wa kwanza.* Watu humtaja Sigmund Freud, daktari wa Vienna, lakini mgonjwa aliyeianzisha njia hii hakuwa wake. Alikuwa wa daktari Josef Breuer: Bertha Pappenheim, binti wa miaka 21 wa familia tajiri ya Kiyahudi. Mwaka 1880, akiwa anamuuguza baba yake, alianza kukohoa, mkono ukapooza, macho yakasumbua, na ikafika wakati Kijerumani, lugha yake ya kuzaliwa, kikampotea akabaki na Kiingereza. Breuer alikwenda kumwona karibu kila siku. Jioni binti alisimulia, na alipolifikia tukio lililofungamana na dalili fulani na kulisema lote pamoja na uchungu wake, dalili ile ilipungua. Mwenyewe aliita tiba ya maongezi. Siku nyingine aliita kusafisha dohani.

Mwaka 1895 Breuer na Freud walichapisha kisa chake kwa jina la Anna O. Kitabu kinaacha picha ya mtu aliyepona. Ukweli ni kwamba tiba ilipokoma Juni 1882 alilazwa muda mfupi baadaye huko Kreuzlingen, Uswisi, na aliendelea kuugua kwa miaka kadhaa. Kisha akainuka: mwaka 1904 aliasisi umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, na akapambana na biashara ya kuwauza wasichana. Naheshimu sana maisha yale ya pili, na sidhani tunayo haki ya kuyahesabu kuwa kazi ya daktari.

*Kazi yenyewe.* Unasema kila kinachopita kichwani bila kukichuja, hata cha aibu, hata kinachoonekana cha kipuuzi. Mchambuzi anasikiliza kinachojirudia: kwa nini kila mpenzi anageuka kuwa baba yako, kwa nini unachelewa kila unapokaribia kufanikiwa. Dhana iliyo chini yake ni kwamba yaliyozikwa hayafi, yanatoka kwa mlango mwingine.

*Muda na fedha.* Hapa ndipo watu wengi wa kwetu hukwama. Freud alimwona mgonjwa saa moja kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Siku hizi wengi huenda mara moja au mbili kwa wiki, lakini bado ni safari ya miezi mingi, mara nyingi miaka. Si kweli hata hivyo kwamba ilikuwa ya matajiri watupu: mwaka 1920 Max Eitingon na wenzake walifungua kliniki mjini Berlin ambako asiye na kitu alitibiwa bure.

*Upungufu.* Mtu mwenye hofu moja iliyo wazi hahitaji kuchimba kisima ili apate kikombe cha maji. Njia hii pia inamtaka mtu mwenye maneno. Asiyezoea kuyasemea mambo ya ndani anaweza kukaa vikao vingi akijiona mjinga, na hilo ni jeraha jingine.

*Humfaa* mwenye shida isiyo na jina, inayorudi kwa sura mpya kila baada ya miaka michache, ambaye maisha yake yana utulivu wa kutosha kuihimili safari ndefu.

3. Hatua kwa hatua: tiba ya tabia

*Mtu wa kwanza.* Mtoto wa miaka 2 na miezi 10 aliyeitwa Peter katika maandiko. Aliogopa sungura, na pamoja naye panya, koti la manyoya, unyoya wa ndege, hata pamba. Mary Cover Jones alimtibu mjini New York na kuandika kisa chake mwaka 1924. Miaka michache kabla, John Watson alikuwa ameonyesha huko Baltimore kwamba hofu hufundishwa: alimtia mtoto mchanga hofu ya panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake kila alipomgusa panya. Hofu ile haikuondolewa. Mtoto aliondoka nayo. Jones akauliza swali ambalo kwangu ndilo la kiungwana zaidi katika historia yote hii: kama hofu hufundishwa, je, hufundishika kuondoka?

Peter aliwekwa kwenye kiti akila chakula anachokipenda, sungura akiwa mbali ndani ya tundu. Siku nyingine tundu likasogezwa kidogo, likirudishwa nyuma kila alipoanza kulia. Pia aliletwa karibu na watoto wasioogopa ili aone wanavyocheza na sungura. Katikati ya kazi mtoto akapata homa kali, akakaa hospitali karibu miezi 2, na siku ya kutoka mbwa mkubwa akawarukia yeye na muuguzi wake. Hofu ikarudi ilipoanzia. Jones hakuificha aibu hiyo wala hakukata tamaa. Alianza tena, na mwishowe Peter alimwacha sungura amtafune vidole. Mara nyingi namsimulia kisa hiki mteja aliyepata nafuu kisha akaanguka, kwa sababu anadhani yeye ni wa kwanza.

*Kazi yenyewe.* Mnaorodhesha unachokiogopa kutoka kidogo hadi kikubwa, kisha mnakiendea kwa hatua unazozimudu. Joseph Wolpe wa Johannesburg, aliyewahi kuwa daktari wa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliijenga kwa watu wazima akitumia mazoezi ya kulegeza mwili, na kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Kuanzia miaka ya 1960 Aaron Beck, tena Philadelphia, akaongeza kazi ya kuyapima mawazo yenyewe: wazo hili lina ushahidi gani? Ndiyo ikazaa tiba ya fikra na tabia inayotajwa kila mahali sasa.

*Muda na fedha.* Vikao vinahesabika, mara nyingi kati ya 5 na 20, na kazi kubwa unaifanya nyumbani. Kwa sababu ina hatua zinazofundishika, haihitaji kila mara mtaalamu wa juu. Nairobi, mtindo wa vikao 5 ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani ulitolewa na wahudumu wa afya ya jamii kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na msongo wao ulipungua kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida.

*Upungufu.* Asiyefanya mazoezi hafiki popote. Na kuna wanaomaliza orodha yote, hofu ikaisha, wakabaki na huzuni ambayo hakuna aliyewauliza.

*Humfaa* mwenye shida yenye jina na mipaka: kuogopa kusafiri, kusimama mbele ya watu, kuosha mikono mara 30, wasiwasi wa ghafla unaofanya moyo udunde kama ngoma. Humfaa pia mwenye fedha ya kuhesabu.

4. Kusikilizwa: unasihi wa Rogers

*Mtu wa kwanza.* Carl Rogers alifanya kazi miaka 12, kuanzia 1928, katika kituo cha watoto mjini Rochester, jimbo la New York. Alisimulia baadaye habari za mama aliyekuwa na mtoto mtundu kupindukia. Rogers alikuwa na hakika kwamba chanzo ni mama kumkataa mtoto alipokuwa mdogo, na kwa vikao kadhaa alijaribu kumfikisha mama kwenye jibu hilo. Haikuwezekana. Wakakubaliana kuacha, wakaagana. Mama alipofika mlangoni aligeuka akauliza: hapa mnawapokea na watu wazima? Akarudi kitini, akamwaga yote ya ndoa yake. Hapo ndipo tiba ilipoanza, na Rogers akajifunza kwamba anayejua panapouma ni mwenye maumivu.

*Kazi yenyewe.* Unaongoza wewe. Mnasihi anasikiliza, anakurudishia alichokielewa, hakuhukumu wala hajifichi nyuma ya cheo. Rogers aliacha neno mgonjwa akashika neno mteja. Kitabu chake cha 1942 kilikuwa na mazungumzo ya tiba nzima yaliyonaswa na kuandikwa neno kwa neno, ili kila mtu aone kinachosemwa mlango ukifungwa.

*Muda na fedha.* Vikao vichache au vingi, kadiri ya mteja. Wanasihi wengi wa vyuoni na katika vituo vya jamii wamefundishwa kwa msingi huu, ndiyo maana mara nyingi ndiyo njia iliyo karibu na yenye bei nafuu.

*Upungufu.* Lugha yetu yenyewe inamtega mteja. Mshauri, kwa Kiswahili, ni mtu anayetoa ushauri. Tumelelewa na wazee wanaosema fanya hivi, acha hivi. Bibi arusi huwekwa chini na somo wake akaelekezwa. Mtu anatoka kwenye kikao cha kwanza akilalamika, “Nimekwenda kwa mshauri, hakunishauri kitu.” Malalamiko hayo ni ya haki kama hakuna aliyemweleza mapema. Na kwa magonjwa mazito kusikiliza peke yake hakukutosha: Rogers alipoijaribu Wisconsin kwa watu wenye skizofrenia, matokeo hayakuwa aliyoyatarajia.

*Humfaa* aliyefiwa, aliyeachwa, aliye njia panda, na aliyechoka kuambiwa la kufanya na kila ndugu. Kwa mtu wa namna hiyo, kupata saa moja ambayo hakuna anayemkatiza ni tiba adimu.

5. Mahali pa kuishi: kutoka York hadi Lutindi na Aro

*Mtu wa kwanza.* Hannah Mills, mjane wa dhehebu la Kikristo la Marafiki (Quaker), alifia katika hospitali ya vichaa ya mji wa York, Uingereza, Aprili 1790, wiki chache tu baada ya kuingizwa. Wenzake wa dhehebu walikuwa wamezuiwa kumwona. William Tuke, mfanyabiashara wa chai na kahawa, akachangisha fedha na mwaka 1796 akafungua nyumba ya makimbilio: hakuna minyororo, kuna bustani, kazi, chai ya jioni, na sungura na kuku uani wa kutunzwa.

Wazo hili lilipanda meli likafika kwetu kwa sura mbili. Milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamejenga makao ya watoto waliookolewa utumwani huko Lutindi, na mwanzoni mwa karne ya 20 yakageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, kazi ya shamba ikiwa sehemu ya tiba. Nairobi, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya vichaa mwaka 1910, ambayo leo ni Mathari, na huko ulinzi ulitangulia tiba. Nadhani hofu ya Mathari na ya Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, majina ambayo watu huyatumia kutukanana, ina mizizi humo.

*Kazi yenyewe.* Ratiba, kazi ya mikono, na watu. Aliyeifikisha mbali zaidi kwa maoni yangu ni Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria, kuanzia 1954 huko Aro karibu na Abeokuta. Hakuwafungia wagonjwa, aliwapangisha katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia, hospitali ikiwa jirani na waganga wa jadi wakishirikishwa. Yule mtu aliyenyimwa wageni kule York, hapa mgeni wake alihamia naye.

*Muda na fedha.* Miezi. Gharama kubwa ni ya ndugu anayeacha shughuli zake.

*Upungufu.* Jina la kituo halikuhakikishii chochote. Kuna mahali panapoitwa makao ya maombi au ya kurekebisha tabia ambapo watu bado wanafungwa. Kipimo ni kilekile cha Hannah Mills: omba kumtembelea mgonjwa wako siku yoyote, bila kutoa taarifa mapema. Ukikataliwa, mwondoe.

*Humfaa* mwenye ugonjwa wa muda mrefu aliyekwisha kupata dawa lakini hajarudia kuishi, na familia ambayo imechoka.

Ukiwa katika hali hii

Una hofu moja unayoweza kuitaja kwa sentensi moja, na fedha ya miezi 2 au 3: anza na tiba ya tabia, na siku ya kwanza uliza itakuwa vikao vingapi na mtajuaje kwamba umepiga hatua. Anayeshindwa kukujibu hilo huenda hafanyi tiba hiyo, hata kama bango linasema hivyo.

Umefiwa, au ndoa imevunjika, na hujui hata unataka nini: mnasihi wa njia ya Rogers. Usimwendee ukitegemea kuamriwa. Mpe vikao 3 au 4 kabla ya kumhukumu.

Ni mara ya tatu unajikuta katika shimo lilelile, na vikao vifupi vilikusaidia kila mara kwa muda tu: hapo uchambuzi una hoja, ikiwa mfuko na subira vipo. Kama mfuko haupo, mwambie mtaalamu wazi tangu mwanzo, mkubaliane eneo moja la kulichimba badala ya shamba zima.

Una sonona inayokuzuia kuamka kitandani: daktari kwanza, kisha tiba ya fikra na tabia au unasihi, chochote kati ya hivyo kilicho karibu. Katika hali hiyo umbali wa kituo una uzito kuliko jina la njia, kwa kuwa usikoweza kufika hakutibu.

Unaishi Muscat au Minneapolis na kilio chako kinatoka kwa Kiswahili: mtafute anayekielewa, hata kwa simu ya video, hata kama njia yake si ile uliyoipendelea. Bertha alipotokwa na lugha yake, ndiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Ndugu yako ametoka hospitali, anameza dawa, lakini anakaa tu ukutani: mtafutie kazi ndogo ya kila siku na mtu wa kuifanya naye, na muulize muuguzi wa afya ya akili wa wilaya kama kuna kikundi au kituo cha mchana.

Na kama ni mtoto wako anayekusumbua, mpeleke akapimwe, macho na masikio kwanza. Vipimo vikiisha, umeshika mkoba, mtoto ametangulia nje, na ukajikuta mlangoni una la kwako moyoni, rudi ukakae. Uliza kama wanawapokea na watu wazima.